Mabati ya Kijani ya Ndugu Yangu

Watu wanaotaka kujenga vyumba vya kupangisha huwa wananijia. Wengine wanakuja na karatasi, wengine na simu, na mmoja alikuja na mke wake pamoja na mama mkwe wake, wakabanana kwenye benchi langu kama watu waliokuja kuposa. Wananiuliza, "Mzee, ploti ya Kondele inalipa?" Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, hesabu za kugawanya zikanifukuza, lakini vyumba nimejenga kwa mikono yangu, vya watu na vyangu, kwa hiyo nawajibu. Nawaeleza mambo ya choo, mambo ya maji, mambo ya chumba kukaa bure miezi mitatu huku wewe unalipa mkopo. Wanashukuru, wanaenda. Jambo la mabati siwaelezi. Leo naliandika kwa sababu ndugu yangu mdogo alikuja kunitembelea wiki iliyopita, akaondoka na feri ya saa tisa, na tangu aondoke sijui mikono yangu niiweke wapi.

Nianze na kazi yangu. Nilikuwa fundi wa mawe. Nilianza kwa kukoroga simiti Milimani, kwa watu wakubwa, wale wenye ua wa maua na geti la kusukumwa na askari. Huko nilijenga nyumba zenye vyumba vya wageni ambavyo hakuna mgeni alikuja kulala. Mwenye nyumba mmoja aliniambia nimjengee mbwa wake kibanda chenye dirisha. Wakati huo mimi nilikuwa nakaa mtaa wa Manyatta kwenye chumba kisicho na dirisha. Nilimjengea yule mbwa vizuri kabisa, nikamwekea na kizingiti mvua isiingie. Sikumchukia, mbwa ana makosa gani. Lakini jioni, nikirudi na vumbi la simiti kwenye nyusi, nilikuwa najiambia, siku moja watu watalala ndani ya kitu changu na watanilipa.

Ndivyo nilivyonunua ploti ya Kondele, mtaa wa watu wa kawaida hapo mjini. Ndogo, imekaa kama kipande cha mkate kilichokatwa vibaya. Nikajenga chumba kimoja, nikapangisha. Kodi ya hicho ikanunua mawe ya cha pili. Mpaka nikafika sita, ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango, bomba moja katikati na choo nyuma.

Mpangaji wangu wa kwanza kabisa alikuwa mama mmoja wa kutoka upande wa kati wa nchi, anauza mitumba soko la Kibuye. Nguo za watoto. Alikuwa analipa tarehe ishirini na nane, kabla mwezi haujaisha, na alikuwa anajua hesabu kuliko mimi na chama changu chote cha akiba na mikopo. Siku moja nilikuwa najisifu mbele yake kwamba nina vyumba sita. Akaweka beseni chini.

"Baba, usihesabu vyumba. Hesabu vyenye watu."

"Vyote vina watu, Mama."

"Leo. Na choo kikijaa, gari la kunyonya unaliita na pesa gani? Toa chumba kimoja, hicho ni cha choo. Toa kingine, hicho ni cha siku mbaya. Sasa una vyumba vinne."

"Na mimi nikule nini?"

"Ukule kinachobaki, kama sisi wote."

Nilicheka sana. Nilimwona kama mwanamke mwoga. Baadaye nimewaambia watu maneno hayo hayo nikiwa nimekunja uso, kana kwamba niliyatoa kichwani mwangu.

Sasa ndugu yangu. Sisi tulizaliwa wawili tu wanaume, mimi mkubwa, yeye ananifuata. Kwetu ni Uyoma, karibu kabisa na maji, mahali ambapo ukisimama kwenye mlango wa mama yetu unaona vilima vya upande wa Mbita vimelala ng'ambo kama ng'ombe wanaocheua. Ndugu yangu alikuwa fundi wa injini za boti hapo Dunga, mjini. Mikono yake ilikuwa inanuka petroli hata akitoka kuoga. Akija ploti kwangu Jumapili baada ya kanisa, watoto wa wapangaji walikuwa wanamkimbilia, kwa sababu alikuwa anajua kuiga sauti ya injini inayokataa kuwaka, mpaka inawaka. Hiyo sauti ningelipa kuisikia tena pale uani.

Kuna desturi ya kwetu ambayo lazima niieleze, la sivyo hutanielewa. Mkubwa ndiye anatangulia kujenga nyumbani. Mdogo hawezi kuinua nyumba yake kabla mkubwa hajainua. Akifanya hivyo, wazee wanasema ni chira, mkosi wa kuvunja mwiko, ambao unaweza kumshika yeye, au mimi, au mtoto. Mchungaji wetu alikuwa anasema hayo ni ya zamani, Mungu haangalii nani alianza kuchimba msingi. Mama yetu alikuwa anamsikiliza mchungaji, anaitikia amina, halafu anarudi nyumbani anasema, "Mkubwa aanze." Na kibanda chetu cha ujana, tulichokuwa tunalala pamoja, kilishaanguka na mvua. Kwa hiyo tukienda nyumbani, ndugu yangu na mke wake walikuwa hawana pa kulala, maana kwetu mwenye mke halali nyumbani mwa mama yake. Walikuwa wanasalimia, wanakula samaki, wanarudi mjini jua likiwa bado juu.

Hilo lilimuuma. Pesa ya kujenga alikuwa nayo. Alikuwa ananingoja mimi tu.

"Omera," aliniambia, ndivyo tunavyoitana ndugu, "jenga nyumbani. Hata kibanda."

"Nitajenga. Ngoja nimalize vyumba."

"Vyumba haviishi, wewe. Ukimaliza sita unaona vinane."

"Sikiliza. Nyumba ya nyumbani hailipi kodi. Nikiweka pesa kule imelala. Inalala na popo. Nikiweka hapa, mwisho wa mwezi inaamka."

"Mimi sitaki iamke," akasema. "Nataka mimi ndiye nilale."

Mke wangu alicheka mpaka akamwaga chai, na mimi pia nilicheka. Tuliona ni mzaha mzuri.

Mwaka uliofuata, ndugu yangu alikuja na mkokoteni. Juu yake mabati ishirini, ya kijani, mapya, yanang'aa mpaka unafumba jicho. Wakati huo kijani kilikuwa cha watu wa Milimani, sisi wengine tulikuwa tunaezeka yale ya fedha ya kawaida. Akayapanga kwenye ukuta wa chumba cha sita, akajifuta jasho.

"Haya ni yako. Si yangu, ni yako. Weka nguzo, piga paa, hata bila ukuta. Mkubwa akishaweka paa, mimi naanza msingi wangu kesho yake. Barabara ikikauka tutakodi lori moja, mabati yako na mbao zangu."

Nilimshukuru. Nilishukuru kwa moyo, sitaki udhani nilikuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Lakini pia niliona aibu kidogo, mkubwa kununuliwa paa na mdogo, na aibu hiyo sikumwonyesha. Nafikiri ndiyo ilinifanya niyaangalie yale mabati kila asubuhi kama mtu aliyekuja kunidai.

Wakati huo nilikuwa nimechukua mkopo wa chama nijenge chumba cha saba na cha nane. Kuta zilipanda vizuri. Halafu pesa ikaisha, kama inavyoisha, kwenye usawa wa paa. Na mvua ikaanza. Si ile ya kuchezea, ile inayotoka ziwani mchana na kugonga kama watu wanaorusha mawe. Kuta zangu nilikuwa nimejenga na udongo mwingi kuliko simiti, nakiri, fundi nilijiibia mwenyewe. Nikaziona zinaanza kulainika. Na tayari nilikuwa na wapangaji wawili, mwalimu na kijana wa bodaboda, wananiuliza kila siku, "Mzee, lini?"

Nikapiga hesabu. Vyumba viwili, kodi ya miezi mitano, inanunua mabati ishirini na chenji inabaki. Miezi mitano, barabara ya Uyoma bado itakuwa tope. Ndugu yangu hatajua. Nitayarudisha pale pale ukutani, ya kijani vile vile.

Yule mama wa mitumba alinikuta nimebeba bati la kwanza kichwani.

"Baba, hayo si ya yule mzee mdogo?"

"Nayaazima. Nitarudisha."

"Na nini?"

"Na kodi ya hivi vyumba."

"Vyumba ambavyo hakuna mtu amelala?"

"Mama, wewe uza nguo."

Aliingia kwake, akafunga mlango polepole, na mimi nikapanda ngazi. Niliyapiga misumari mwenyewe, kwa mkono wangu. Sikutaka fundi mwingine aniulize yametoka wapi.

Mwalimu alihamia, kijana wa bodaboda akahamia. Mwezi wa kwanza walilipa. Nikaanza kuona ile hesabu yangu inatembea. Halafu siasa ya uchaguzi ikafika. Wewe unayesoma, kama unaijua Kondele, unajua siasa ikifika inapitia wapi. Maduka yalifungwa, matairi yakawaka kwenye mzunguko, na watu wa kutoka mbali wakaanza kufunga mizigo. Mama wa mitumba alifunga marobota yake matatu, akanipa ufunguo mkononi, akaniachia na birika lake. "Nikirudi nitalikuta," akasema. "Nisiporudi, ni lako." Mwalimu akaenda kwao. Wa chumba cha tatu na cha nne wakaenda. Kijana wa bodaboda alibaki, lakini abiria hawakuwepo, angenilipa na nini.

Niliwahi kuogopa moto, niliwahi kuogopa mafuriko, na kuna siku niliogopa serikali ya kaunti ingenibomolea choo. Sikuwahi kuweka kichwani kwamba watu wanaweza kuondoka wengi hivyo kwa wiki moja. Na chama hakikuondoka. Kodi ilikuwa inakuja ikijisikia, lakini mkopo ulikuwa unakuja Jumamosi, saa nne, na daftari. Ndipo nikamkumbuka yule mama na vyumba vyake viwili vya kutoa, cha choo na cha siku mbaya. Mimi sikuwa nimetoa hata kimoja. Nilikuwa nimekula vyote vinane, na mabati ya mtu juu yake.

Barabara ilipotulia, ndugu yangu alitembea kwa miguu kutoka Dunga kuja kuona kama niko mzima. Alinishika mabega yote mawili. Akaulizia watoto, akamwulizia mke wangu, akauliza kama tuna unga. Alikuwa amebeba kilo mbili. Halafu akatazama ukuta wa chumba cha sita, pale alipoyaacha. Halafu akainua macho.

Alikaa hivyo kwa muda, shingo imeinuka, kama anayetafuta ndege.

"Kumbe yalishapanda," akasema.

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Yamekaa vizuri. Umeyapiga vizuri."

"Nitayarudisha, omera. Mvua ndiyo ilinibana, halafu hii siasa. Hesabu ilikuwa miezi mitano tu."

"Katika hiyo hesabu," akaniuliza, "mimi uliniweka wapi?"

Mke wangu akaleta chai. Alikunywa yote, hakuacha, na alipomaliza akasimama, akaenda bombani, akaosha kikombe mwenyewe akakiinamisha juu ya jiwe. Kwangu ndugu yangu hakuwahi kuosha kikombe. Kilikuwa kinaachwa chini ya kiti, tunamsema, anacheka. Mke wangu aliona, na mimi niliona.

Hazikupita wiki nyingi akavuka ziwa. Kulikuwa na watu upande wa Mbita waliotaka fundi wa injini ufuoni mwao, wakamwonyesha ardhi, akalipa. Huko hakuna mkubwa wa kungojwa. Nyumba yake ilisimama kwa mwezi mmoja. Watu wetu wana jina la mtu wa namna hiyo, jadak, mtu anayekaa kwenye ardhi ya wenyewe. Anaheshimiwa, haibiwi, watoto wake wanaoa pale. Lakini kwenye mkutano wa mipaka ya mashamba anakaa pembeni na anaulizwa mwisho, hata akae miaka hamsini, hata kama alilipa ardhi hiyo mpaka senti ya mwisho. Mimi mwenye vyumba vinane nikamfanya ndugu yangu mpangaji.

Mama yetu, mpaka alipotuacha, alikuwa anatoa kiti nje saa ya jua kushuka, anaketi ameelekea vile vilima vya ng'ambo. Nikimuuliza anaangalia nini, ananiambia anaangalia mvua. Hata kiangazi.

Miaka ilienda. Kondele ilijaa tena, Kondele haikai bure sana. Mama wa mitumba alirudi, akalikuta birika lake, nilikuwa sijalitumia hata mara moja. Nikalipa chama. Nikaanza kutoa vile vyumba viwili kila mwezi, cha choo na cha siku mbaya, na nikaona kweli mtu anaweza kulala. Basi nikanunua mabati ishirini mapya, nikampigia simu ndugu yangu. Sauti ya mashua ilikuwa nyuma yake.

"Nimenunua mabati."

"Hongera."

"Ya kurudisha. Yale yako."

"Ni ya kijani?"

"Hapana, ya kawaida. Lakini ni mazito, geji nzuri."

"Basi hayo ni yako," akasema, na akaniuliza habari ya mke wangu.

Hilo neno nililibeba muda mrefu. Nilisikia hasira kwanza. Nilisema anajifanya. Halafu mwaka huu, baada ya Pasaka, niliamka nikaenda kugonga chumba cha saba na cha nane, nikawaambia watu wangu watafute pengine, nawapa miezi miwili na ya mwisho wasilipe. Walidhani nataka kupandisha kodi. Majirani walisema mzee ameanza kupotea, anabomoa paa zima la vyumba vinavyolipa. Hata mke wangu aliniuliza kama nimekula dawa yangu ya presha.

Mama wa mitumba alitoka na kanga yake begani, akanikuta nimeegemeza ngazi.

"Baba, unatoa paa kwenye chumba chenye mtu?"

"Ameshahama."

"Na kodi yake?"

"Imehama naye."

Alinitazama, akatazama juu. Kijani kilikuwa kimepauka, kimekuwa kama majani ya mchicha uliokaa juani. "Haya," akasema. "Ngoja nikushikie ngazi, usije ukatuangukia."

Niling'oa msumari mmoja mmoja, taratibu, nisichane. Bati moja lilikuwa limekwisha kwa kutu, upande wa choo. Yakabaki kumi na tisa. Nikayapeleka Uyoma kwa lori, yale mapya ya fedha nikayaacha yaezeke vyumba vya watu, na nyumbani nikajenga nyumba ya vyumba viwili, simiti ya kutosha safari hii. Matundu ya misumari ya zamani niliyaziba na lami. Mvua ikinyesha paa bado linavuja mahali pawili, tunaweka sufuria.

Nikampigia. "Mkubwa ameinua," nikamwambia. "Nitakuja kuona," akasema.

Alikuja wiki iliyopita. Ameota mvi. Alisimama nje ya mlango akasema, "Hodi." Ndugu yangu, nyumbani kwa baba yetu, anasema hodi. Nikamwambia apite, lakini hakupita mara moja. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akainua shingo vile vile, midomo inahesabu.

"Kumi na tisa," akasema.

"Moja liliisha. Upande wa choo."

"Choo cha Kondele kimekula bati langu!" Akacheka, nikacheka, na kwa kitambo kidogo ikawa kama zamani. Alikula samaki. Aliniigizia injini, ile inayokataa. Kikombe alikiacha chini ya kiti na mimi nikakiangalia nikafurahi kama mjinga.

Halafu nikamchukua nyuma, upande wa kushoto, pale mahali pa mdogo. Nilikuwa nimefyeka, nimeweka mawe manne kwenye pembe. "Sasa hakuna kinachokuzuia," nikamwambia. "Hata kesho. Mimi ndiye nitajenga, usitoe kitu."

Alisimama kwenye jiwe la kwanza, akaanza kutembea, kisigino kwa kidole, jinsi tulivyokuwa tunapima uwanja wa mpira tukiwa wadogo. Akafika jiwe la pili, akageuka, akafika la tatu. Nilikuwa nahesabu pamoja naye kimoyomoyo, kama mtu anayesubiri injini iwake.

"Ingetosha," akasema.

Aliangalia saa. Alikuwa na injini ya mtu ameiacha wazi, na mjukuu wake wa huko alikuwa amemwambia asichelewe. Nikamsindikiza mpaka kwenye feri. Niliporudi nilikikuta kikombe chini ya kiti. Sijakitoa. Mke wangu anafagia anakizunguka, na jioni nikimaliza kufyeka kule nyuma, kwa sababu majani yanarudi haraka, natoa kiti nje, nakielekeza vilima vya ng'ambo.